Msafara wa Baiskeli wa Hisani Kisumu: Hesabuni Makutano Kabla ya Kuhesabu Washiriki

Kikao cha kwanza cha klabu inayofikiria msafara wa baiskeli kwa kawaida huisha mtu akisema, "Tulenge watu mia tano." Idadi hiyo haina mizizi. Watu mnaoweza kuwalinda barabarani huamuliwa na njia, na njia huamuliwa na makutano yake. Kila makutano yanataka mtu wa kusimama hapo. Je, klabu yenu ina wangapi wanaoamka saa kumi alfajiri bila kupigiwa simu mara tatu? Mwongozo huu unaanzia hapo. Umeandikwa kwa klabu iliyo Kisumu au karibu yake. Aliye Kakamega, Busia au Nakuru atabadilisha majina ya barabara, lakini hesabu zitabaki zilezile.

Kwanza, amueni kama mtaufanya

Taja kitu kimoja kinachonunulika. "Kusaidia jamii" hakiuziki kwa mtu yeyote. "Viti kumi vya magurudumu" kinauzika, kwa sababu mchangaji anaweza kukihesabu siku ya makabidhiano. Ombeni bei kwa maandishi kutoka kwa muuzaji kabla bango halijachapishwa, ili mjue mnatafuta shilingi ngapi.

Kisha fanyeni hesabu ambayo klabu nyingi huiruka. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni zenu. Tuseme ada ni shilingi 1,500. Fulana 450, namba ya kifuani 50, maji na ndizi 100, chakula cha mwisho 250. Hiyo ni 850 kwa kila mshiriki, kwa hiyo inabaki 650. Gharama zisizopungua hata wakija watu wachache, yaani ambulensi, bima, vyoo vya kukodi, kanta (lori dogo), mafuta ya pikipiki na vipaza sauti, tuseme zimefika 130,000. Gawanya kwa 650. Mpaka mshiriki wa 200 bado mnalipa madeni, na hisani inaanza na mtu wa 201. Sasa ondoeni fulana. Inabaki 1,100 kwa kila mtu, na gharama zote zimelipika akifika mtu wa 119. Fulana peke yake imekula washiriki 81.

Kwa hiyo fulana ama ilipwe na mfadhili ambaye jina lake liko mgongoni, ama iuzwe kando kwa anayeitaka. Tunajua itazua ubishi kikaoni. Muwe na karatasi ya hesabu mkononi.

Wekeni pia tarehe ya kukata shauri, wiki sita kabla ya siku yenyewe. Ikiwa kufikia tarehe hiyo wafadhili hawajalipa angalau zile gharama zisizopungua, ahirisheni. Ahadi ya mdomo ya mkurugenzi fulani si pesa. Kuahirisha kukiwa na wiki sita kunagharimu aibu kidogo. Kukiwa na wiki moja, kunagharimu amana zote mlizokwisha kulipa.

Njia

Barabara za Kisumu zinadanganya kwenye ramani. Ile ya kwenda Ahero, kama kilomita 25 hivi, ni tambarare na inavutia, lakini ndiyo hiyohiyo ya mabasi na matrela ya Nairobi. Ukiingia ndani kwenye njia za mashamba ya mpunga, unakutana na udongo mweusi wa nyanda za Kano. Ukiwa mkavu, unapita kama sakafu. Ikinyesha usiku, tope lake hujisokota kati ya tairi na madigadi, likijaza tabaka juu ya tabaka mpaka gurudumu linagoma kuzunguka na mtu anabeba baiskeli yake begani. Njia hiyo msiipange Machi hadi Mei kwa hali yoyote. Huo ni msimu wa mvua za masika, na mto Nyando hufurika.

Kwenda Maseno ni kama kilomita 25 pia, ila mnapanda zaidi ya mita 300. Mwenye baiskeli ya gia atafurahi. Mwenye Black Mamba ya gia moja atasukuma, na kusukuma si tatizo. Tatizo ni kurudi chini na breki za vyuma kwenye mteremko wenye malori.

Upande wa Miwani na Chemelil ni nchi ya miwa. Angalieni muwa mmoja ulioanguka kutoka kwenye trela ukalala katikati ya lami. Gurudumu la mbele likiupanda kwa mshazari, muwa unabingirika kama rola na mtu yuko chini kabla hajagusa breki. Wakati wa mavuno, njia hiyo lazima ifagiwe asubuhi ileile.

Pendekezo letu ni kuanzia nje ya mji. Tafuteni uwanja wa shule karibu na Kisian, washiriki wafike hapo na baiskeli zao kwa gari, kisha mfuate barabara ya Bondo. Pale Kisian matrela ya Busia yanaendelea kuelekea Maseno, nanyi mnashika kushoto, na msongamano unapungua. Hamtaona kamera nyingi kama mngeanzia katikati ya mji, lakini mmeepuka stegi (vituo vya matatu) za Otonglo na magari yote ya uwanja wa ndege. Nendeni kilomita 20, mgeuke, mrudi. Njia ya kwenda na kurudi ina faida nyingine: mwelekezaji mmoja anahudumia makutano yaleyale mara mbili.

Mahali pa kugeuzia ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu kila mshiriki lazima avuke lami. Msiwageuze barabarani. Waingizeni kwenye kiwanja cha shule au kituo cha mafuta, wanywe maji humo, kisha watoke kwa vikundi vya watu kumi huku waelekezaji wawili wakiomba magari ya pande zote mbili yangoje. Kama mna njia ya mzunguko badala ya kwenda na kurudi, ichoreni iwe inapinda kushoto tu, na hakuna atakayelazimika kukata mbele ya gari.

Ikagueni njia mara mbili. Mara ya kwanza kwa gari polepole, na daftari. Andikeni kilomita ya kila makutano, kila stegi, kila tuta na kila mahali ambapo ukingo wa lami umemegeka. Ukingo huo una hila. Lami inakuwa juu ya changarawe kwa kimo cha kiganja, mtu anasukumwa nje na basi, anajaribu kurudi kwa pembe ndogo, na ubavu wa tairi unakwama. Mara ya pili nendeni kwa baiskeli, siku na saa zilezile za msafara. Reli ikikata barabara, wekeni mtu wa kupaza sauti kwamba ivukwe kwa pembe ya mraba.

Siku na saa

Jumamosi kwetu ni siku ya mazishi. Misafara inatoka mochari asubuhi ikipiga honi, magari yote yana haraka. Pia ni Sabato, na Waadventista ni wengi Nyanza. Chagueni Jumapili alfajiri, mumalize kabla watu hawajatoka ibadani. Siku kuu za kitaifa zinavutia, lakini polisi huwa wamechukuliwa na sherehe za serikali.

Jua la Kisumu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Anzeni saa 12:40. Joto halijakolea, na ngurumo za ziwani kwa kawaida hungoja alasiri. Zikija asubuhi, simamisheni msafara, watu waingie kwenye majengo au magari, wala si chini ya miti. Msiendelee mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Barua na vibali

Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka taarifa ya maandamano imfikie mkuu wa polisi wa eneo si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla ya tukio, na shughuli yenyewe iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Msafara wa hisani si maandamano ya kisiasa, lakini andikeni hivyohivyo. Nendeni kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, mwezi mmoja mapema mkiwa na ramani, mzungumze, kisha pelekeni barua rasmi siku kumi kabla. Mkipita maeneo ya vituo viwili, barua ni mbili. Gongesheni mhuri kwenye nakala yenu.

Barabara zina mamlaka zake: barabara kuu ni za KeNHA, za mjini ni za KURA, za vijijini ni za KeRRA au kaunti. Jueni kila kipande ni cha nani kabla ya kupeleka barua. Machifu wa njiani wapewe taarifa kwa kwenda wenyewe: "Chifu, tumekuja kukueleza kabla hujasikia kwa wengine." Hiyo inafanya kazi kuliko barua tatu.

Mkiomba michango kwa umma, kwa mfano kwa kutembeza ndoo sokoni, kuna Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Ulizeni leseni katika ofisi ya Naibu Kamishna wa Kaunti. Fomu za kujiandikisha zina majina na simu za watu, na hizo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Andikeni kwenye fomu mtazitumiaje, na mzazi aweke sahihi kwa picha za mtoto.

Bima ni za aina mbili: ya dhima kwa watu wengine, na ya ajali kwa washiriki. Hii ya pili mara nyingi hutaka orodha ya majina, na kwa sababu hiyo fungeni usajili siku saba kabla. Anayekuja asubuhi na noti ya elfu mkononi mshukuruni, apokewe kama mchangaji, lakini asipewe namba.

Pesa inatoka wapi

Inatoka kwa ahadi, yaani michango ya ndugu na marafiki wa kila mshiriki. Ada inalipia shughuli, na ahadi ndizo hisani. Kila mshiriki apewe namba siku anapojiandikisha, na namba hiyo iwe ndiyo akaunti kwenye Paybill ya M-Pesa ya klabu. Shangazi yake aliyeko Mombasa anatuma 500 kwa akaunti 047, na mweka hazina anaona moja kwa moja ni mchango wa nani. Till haitafaa hapa, maana haina mahali pa kuandika akaunti.

Achaneni na ahadi za "shilingi kadhaa kwa kila kilomita". Baada ya msafara mtakuwa mnadai madeni, na sote tunajua ahadi za harambee zinavyonyauka. Chukueni kiasi kamili mapema. Wekeni kiwango cha chini, tuseme 3,000, na namba ya kifuani itolewe kikishafika. Pesa ziingie akaunti ya miradi, kando kabisa na ile ya chai na kodi ya ukumbi.

Watu wa njiani

Sasa rudini kwenye daftari la njia. Tuseme mna sehemu 22 za kuangaliwa, na 6 kati yake ni masoko au stegi zinazotaka watu wawili. Jumla ni waelekezaji 28. Ongezeni 4 wa akiba, kwa sababu wawili watalala na mmoja ataugua. Kama mna 20 tu, fupisheni njia. Usimpe mtu mmoja makutano mawili.

Pikipiki: moja mbele, moja nyuma, na moja kwa kila washiriki 40. Kwa watu 160, kwa mfano, hizo ni sita. Waendeshaji tafuteni kupitia chama cha boda cha eneo, muwalipe, na muwaambie waziwazi kwamba kazi yao ni kukaa kulia kwa baiskeli, si kufungua njia kwa honi. Nyuma kabisa iwepo kanta yenye magodoro machakavu ya kutenganisha baiskeli, na matatu ya kubeba waliochoka.

Hatari inayojirudia zaidi ni matatu inayoingia stegi kwa kukata kushoto mbele ya baiskeli. Mwenyekiti wa stegi ajulishwe siku moja kabla, na mwelekezaji asimame mita 30 kabla ya stegi, si ndani yake. Avae kizibao cha kuakisi mwanga, awe na filimbi na bendera nyekundu. Hana mamlaka ya kusimamisha gari, hiyo ni kazi ya polisi. Anaomba: "Mkubwa, samahani, dakika moja tu, baiskeli zinapita." Akiombwa kwa heshima dereva hungoja. Akipigiwa kelele, atapita kwa makusudi.

Ambulensi ikae karibu na kilomita 10, si kwenye jukwaa la wageni. Wajulisheni hospitali mliyoichagua kwa simu na barua. Namba moja tu ya dharura ichapishwe nyuma ya namba ya kifuani, pamoja na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kundi la WhatsApp ni la picha. Dharura hupigiwa simu.

Maji

Mtu anayekanyaga pedali kwenye joto la ziwani anahitaji kama nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Watu 160, saa tatu, 0.6 kwa saa: lita 288. Wahudumu 60, lita moja kila mmoja: 60. Akiba ya 50, mnafika karibu lita 400, yaani mitungi 20 ya lita 20. Gaweni hivi: 8 kilomita 10, 7 mahali pa kugeuzia, 5 uwanjani. Ile 8 ya kilomita 10 inatumika mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo 4 ifichwe chini ya turubai. Msipoificha, wa mbele watajimwagia vichwani na wa mwisho, ambao ndio wanaoihitaji, watakuta mitungi mitupu.

Ndizi mbili kwa kila mtu, zinunuliwe siku mbili kabla zikiwa bado na ubichi kidogo. Vipande vya sukari nguru ni bora kuliko biskuti. Machungwa yaliyokatwa huita nyuki. Chumvi za ORS, za kurudisha maji mwilini, zikae na mtu wa huduma ya kwanza, asome pakiti, maana kuna za nusu lita na za lita moja. Anayeacha kutoka jasho, anayeongea ovyo au kuyumba, amwagiwe maji na kupepewa palepale huku ambulensi inakuja. Asiambiwe "pumzika kidogo".

Fundi na ukaguzi

Kukagua baiskeli moja kunachukua kama sekunde 45. Baiskeli 160 ni saa mbili. Mafundi wanne wanamaliza kwa nusu saa, fundi mmoja atawachelewesha wote. Wafanye ukaguzi Jumamosi jioni kwa walio karibu, na asubuhi kwa waliobaki.

Utaratibu ni huu: bana breki zote mbili na usukume baiskeli mbele, gurudumu lisisogee. Tikisa gurudumu kushoto na kulia, nati za ekseli zisilegee. Shika stiyaringi ukibana gurudumu kati ya magoti, isijipinde. Kwa Black Mamba, zungusha pedali ukiwa umeikandamiza. Ukihisi "ko" kila mzunguko, pini ya krenki imelika, na itatoka njiani. Helmeti isiyo na ufa, mkanda ubane vidole viwili tu chini ya kidevu. Asiye na helmeti haondoki, hata akiwa mgeni wa heshima.

Kanta ibebe tyubu za inchi 26 kumi na mbili, za 28 nane, za 700 sita, na za 27.5 na 29 nne nne. Viraka na solusheni, pini za krenki sita, spana ya 15, eleni za 4, 5 na 6, kikata cheni, na pampu mbili. Hapo ndipo watu hukwama. Vali ya Black Mamba, ile pana kama ya gari na ile nyembamba ya baiskeli za mbio hazishiki kichwa kimoja cha pampu. Nunueni viunganishi, ni vya bei ndogo na hupotea upesi, kwa hiyo chukueni kumi.

Asubuhi yenyewe

Waelekezaji wawe mahali pao saa 12:15, kila mmoja atume ujumbe akiwa amefika. Saa 12:25 maelezo ya dakika tano: kaeni kushoto, msipange zaidi ya wawili, tuta likija paza sauti. Hotuba za wageni ziwe baada ya msafara. Hotuba ya dakika 20 asubuhi inawasukuma watu wa mwisho dakika 20 ndani ya jua.

Waachieni kwa vikundi vya 20, kila dakika tatu. Kikundi cha nane kinatoka saa 1:01. Anayekwenda kilomita 25 kwa saa anapita kilomita 10 saa 1:04, na wa polepole kabisa, kilomita 12 kwa saa, anapita hapo akirudi saa 3:31. Kituo hicho kifunguliwe saa 12:50 na kisifungwe kabla ya 3:45. Asiyefika pa kugeuzia ifikapo saa 2:45 anapanda matatu. Wa mwisho anaingia uwanjani karibu saa 4:21.

Kila mshiriki anapofika, namba yake inakatwa kwenye orodha. Anayepanda matatu, namba yake ya kifuani inatajwa kwa simu kwa mwenye orodha. Waelekezaji hawaondoki mpaka pikipiki ya nyuma iwapite, na ambulensi haiondoki mpaka orodha iwe haina namba iliyobaki. Mtu aliyeamua kwenda kwa shemeji yake njiani bila kusema anaweza kuwatafutisha saa mbili, kwa hiyo hilo nalo litajwe kwenye maelezo.

Boda na mafundi walipwe palepale kabla ya chakula. Mishale ya kuonyesha njia na chupa ziokotwe siku hiyohiyo, na kanta ndiyo inayorudi kwa kazi hiyo. Ndani ya siku 14 watumieni wachangaji hesabu ya ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na picha ya risiti ya vile viti vya magurudumu.